Barua ya wazi kwa Kamati ya Mashindano: aliyenunua mechi yuko wapi?

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Mashindano,
Tanga.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: ADHABU YA KUPANGA MATOKEO ILIYOTOLEWA KWA TIMU YETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii ilipaswa kuishia mezani kwako kama zilivyoishia zile za mwanzo. Zile ziligongwa muhuri wa kupokelewa, tukaambiwa tutajibiwa, baadaye tukaambiwa katibu kasafiri, mwisho kijana wa mapokezi akatuambia kwamba suala lilishafungwa. Simu yako inaita haipokelewi. Ndiyo maana sasa naandika hadharani. Naandika kwa heshima, maana wewe ni mzee wetu na mpira wa mitaa hii umeubeba tangu sisi wengine tukiokota mipira nyuma ya goli.

Nianze na jambo ambalo pengine hukulitarajia kutoka kwangu. Siandiki kusema timu yetu imeonewa kwa kuitwa wauza mechi. Nilikuwepo uwanjani siku ile ya mechi yetu ya mwisho ya kundi. Tulifungwa saba bila, na yale mabao matatu ya mwisho hayahitaji mtaalamu. Bao la tano, beki wetu wa kati alikuwa ameinama anapandisha soksi huku mshambuliaji akimpita kwa nafasi ya kutosha kupitisha bajaji. La sita, kipa alitoka mpaka mstari wa boksi, akasimama, akageuka kutazama goli lake kama anayehakikisha lipo. Na nyuma ya goli lile lile alikuwepo jamaa mmoja wa kofia nyeupe, simu sikioni, anaonyesha vidole viwili. Baada ya bao la sita akaonyesha kimoja. Lilipoingia la saba akashusha mkono, akawasha pikipiki yake na kuondoka, ilhali mpira haujaisha. Kila aliyekaa upande ule alimwona.

Jamaa yule si wa kwetu. Hapo ndipo barua yangu inapoanzia.

Tangu hukumu itoke, barazani kwetu Ngamiani hapazungumzwi kitu kingine. Hata Simba na Yanga zimepumzishwa. Wapo wanaosema mmetenda haki, tena mmetuhurumia. Kuna mzee wetu mmoja, shabiki wa damu wa Coastal Union ya hapa Tanga, aliyeuona ubingwa wake wa ligi wa 1988 kwa macho yake. Yeye anataka timu ifutwe kabisa na jezi zichomwe moto mbele ya watu. Wapo wanaosema ndondo, mpira wa mitaani, ni ndondo tu, kesi ya kupanga matokeo ni ya wakubwa, na kamati imejipa kazi isiyo yake. Mimi niko karibu zaidi na yule mzee. Mpira ukishauzwa mtaani, mtoto akapanda daraja akiwa ameshazoea kuuza, hakuna kamati ya juu itakayomtibu. Lakini hata mzee yule, baada ya kumaliza kutulaani, huweka kikombe chake cha kahawa chini na kuuliza: "Na waliofunga je?" Hakuna aliyewahi kumjibu.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mmemhukumu muuzaji, mnunuzi mmempa zawadi.

Sisi tulikuwa tumeshatolewa. Mechi ile haikuwa na faida yoyote kwetu, tushinde au tufungwe. Wenzetu ndio waliohitaji ushindi wa mabao saba ili wavuke kwa tofauti ya mabao, na wakapata saba, si sita wala nane. Baada ya hapo walicheza robo fainali, nusu fainali, mpaka fainali, na wakaondoka na zawadi ya mshindi wa pili. Nahodha wao alipeana mkono na wewe mwenyewe. Sisi tumefungiwa misimu miwili, tumepigwa faini, na wachezaji wetu wote wamefungiwa. Barua yenu inasema timu yetu "ilishiriki kupanga matokeo". Ilishiriki na nani? Neno kushiriki linahitaji mwenzi, na jina la huyo mwenzi halimo humo ndani.

Makofi hayapigwi kwa mkono mmoja, na nchi hii imeshalijua hilo. Mwaka 2016, katika Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0 na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro mabao 7-0, timu mbili zikifukuzia nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu. Kamati ya Nidhamu ya TFF, shirikisho la soka la nchi yetu, haikuishia kwa waliofungwa. Timu zote nne zilishushwa, waliofunga na waliofungwa, na Mbao FC ya Mwanza ndiyo iliyopanda kutoka kundi lile. Mwaka uliofuata Mbao hiyo hiyo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Simba 2-1 pale Jamhuri, Dodoma. Unaweza kusema adhabu ile ilikuwa kali mno, na watu wa Geita walisema sana. Lakini hakuna aliyeweza kusema ilimwona mmoja na kumfumbia macho mwingine. (Sisi Tanga msimu ule tulikuwa na msiba wetu: Coastal Union, African Sports na Mgambo zilishuka daraja zote tatu kwa mpigo. Tulishuka kwa pointi zetu wenyewe, tukalia, tukanyamaza.)

Ukitaka mfano wa mbali, mwaka 1993 Ufaransa, Marseille ilienda kucheza na Valenciennes siku chache kabla ya fainali ya Ulaya dhidi ya Milan. Watu wa Marseille waliwapa fedha wachezaji wa Valenciennes ili wasiwaumize wachezaji wao na wasiwape taabu. Fedha zilikutwa zimefukiwa bustanini kwa ndugu wa mchezaji mmoja. Waliopokea walifikishwa mahakamani. Lakini nani alinyang'anywa ubingwa wa Ufaransa, na nani alishushwa daraja? Marseille, yule mnunuzi. Rais wa klabu ile alikwenda jela. Kwa mtindo wenu, Marseille ingepewa kombe jingine na Valenciennes ingefungiwa peke yake.

2. Ratiba mliyoipanga ninyi ndiyo iliyofungua duka.

Hili hamlipendi kulisikia, na ndilo ninaloamini liko chini ya yote. Mechi ya mwisho ya wapinzani wao kundini ilichezwa Jumamosi. Yetu ikachezwa Jumapili. Kwa hiyo kuanzia Jumamosi jioni kila mtu katika mji huu mwenye kalamu na kipande cha karatasi alijua idadi ya mabao yanayotakiwa. Mlitegemea nini? Mmempa mtu mwenye shida bei kamili ya anachokitaka, mkampa na usiku mzima wa kumtafuta muuzaji.

Dunia ilishajifunza somo hili mwaka 1982, Kombe la Dunia la Hispania. Algeria ilimaliza mechi zake za kundi Juni 24. Kesho yake, pale Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani zikijua kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani unazivusha zote mbili. Bao likaingia dakika ya 10, na muda uliobaki walipasiana mpira kama watu wanaosubiri basi. Waalgeria wakarudi nyumbani. Hakuna aliyeadhibiwa, kwa kuwa hakuna kanuni iliyovunjwa. Kilichobadilika ni ratiba, na kuanzia Kombe la Dunia la 1986 mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Kanuni hiyo leo anaijua hata mtoto anayetazama mpira kwenye kibanda umiza. Kwetu haikufuatwa, na waliopanga ratiba ndio waliokaa kutuhukumu.

Mtasema uwanja ni mmoja. Viwanja vya shule vipo, na mwaka juzi mlivitumia kwa mechi za mchujo bila tabu yoyote.

3. Mmefungia fomu ya usajili, hamkufungia watu.

Uamuzi wenu unasema "wachezaji wote waliosajiliwa". Nawaomba muitoe ile fomu mezani muisome pamoja nami. Namba ya tatu pale ni kijana aliyevunjika mguu mechi ya pili. Siku ya tukio alikuwa nyumbani kwao Makorora na POP mpaka gotini. Amefungiwa. Wapo wawili waliosajiliwa mkawawekea zuio la umri ninyi wenyewe, hawajagusa mpira hata dakika moja katika mashindano haya. Wamefungiwa kwa kuuza mechi.

Lakini hao si kitu mbele ya huyu ninayemtaja sasa, na simtaji kwa jina kwa sababu mmeshamharibia vya kutosha. Ni winga wetu, mdogo kuliko wote kikosini. Usiku wa Jumamosi alifuatwa, akaitwa pembeni karibu na kijiwe cha bodaboda, akaambiwa mambo. Alikataa. Akamwambia mmoja wa viongozi wetu, ambaye naye alimwambia anyamaze, na kwa hilo kiongozi wetu huyo anastahili adhabu kuliko mchezaji yeyote. Kijana hakunyamaza. Asubuhi ya Jumapili alimfuata mjumbe wa kamati yenu, mbele ya watu wanaouza maji ya kunywa getini, akamweleza. Akaomba asipangwe. Alikaa benchi dakika zote, na wakati wa bao la sita alikuwa ameshavua jezi, amevaa fulana yake ya nyumbani.

Kanuni za nidhamu za FIFA zinamtaka mchezaji anayefuatwa kwa jambo kama hili atoe taarifa mara moja. Kijana wa Ngamiani ambaye hajawahi kuzisoma kanuni hizo alizifuata kuliko sisi wote, nanyi mkamfungia misimu miwili. Mjumbe aliyepewa taarifa kabla ya mechi alikaa kwenye kikao cha hukumu. Alisema nini humo ndani? Alikumbuka?

Katika ile kesi ya Marseille alikuwepo beki wa Valenciennes, Jacques Glassmann, aliyekataa fedha na kusema. Mashabiki wa Ufaransa walimzomea viwanja kwa viwanja, maisha yake ya mpira yakawa magumu. Lakini mwaka 1995 FIFA ilimpa tuzo yake ya uungwana michezoni. Wetu hatumwombei tuzo. Tunaomba aachiwe acheze. Mkimwacha hivi alivyo, msimu ujao atakayefuatwa gizani atakuwa na mfano wa kuangalia, na atajua kusema hakulipi.

4. Hukumu haina sababu, na rufaa imefungwa kabla ya kufunguliwa.

Tuliuona uamuzi kwa mara ya kwanza kama picha kwenye kundi la WhatsApp. Barua yenyewe ilitufikia siku kadhaa baadaye, ikiwa na tarehe ya nyuma, na chini imeandikwa kwamba rufaa ikatwe ndani ya saa 48 kuanzia tarehe ya barua. Tulipofika na ada ya rufaa mkononi tukaambiwa muda umepita. Muda huo ulipita barua ikiwa kwenye droo yenu.

Rufaa si ujanja wa mkosaji. Juventus, katika kashfa ya 2006 ya Italia ya kushawishi upangaji wa waamuzi, ilipewa adhabu ya kushushwa Serie B, daraja la pili la kule, na kuanza na pointi 30 pungufu. Ilikata rufaa, zikawa 17. Ikaenda kwenye usuluhishi, zikawa 9. Ilishuka vilevile, ikapoteza mataji mawili vilevile, hakuna aliyesema imesafishwa. Kilichofanyika ni kupima upya. Na angalieni waliofungiwa: viongozi, akiwemo Luciano Moggi. Wachezaji kama Buffon na Del Piero hawakufungiwa. Walishuka na timu, wakacheza Serie B, wakarudi nayo.

5. Faini.

Hili ni fupi. Waliochukua fedha, kama walichukua, hawatatoa hata senti. Faini italipwa na waendesha bodaboda wanaochanga kila Ijumaa na mama yetu wa chapati aliyenunua soksi za timu. Wapigwe faini wahusika kwa majina yao.

Sasa najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyatangulie.

Mtasema hamna ushahidi dhidi ya upande wa pili. Kwetu mlikuwa nao upi? Barua yenu inataja kitu kimoja tu: "mwenendo wa mchezo". Mwenendo ule ulikuwa wa timu mbili. Na sidai ushahidi wa mahakamani, maana vyombo vya michezo havihitaji kiwango hicho. Fenerbahçe ya Uturuki ilifungiwa na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, mwaka 2013 misimu miwili ya mashindano ya Ulaya kwa kupanga matokeo, na mahakama ya michezo ya kule Lausanne ikaiacha adhabu hiyo isimame, ingawa mwaka 2015 mahakama ya Istanbul ilimwachia huru rais wa klabu ile. Mashabiki wao wanagombana mpaka leo kama ilikuwa haki. (Shirikisho lao nalo kifupi chake ni TFF, ukisoma habari zile haraka haraka utadhani mambo yametokea hapa kwetu.) Kama kiwango chenu ni kuridhika kwa kuangalia mchezo, basi ridhikeni kwa macho mawili. Na mtafuteni yule wa kofia nyeupe. Pikipiki yake inajulikana, na aliyeketi naye jukwaani siku ya fainali anajulikana pia.

Mtasema uamuzi wa kamati ni wa mwisho. Ukurasa wa mbele wa kanuni zenu wenyewe unataja rufaa na ada yake.

Mtasema haya ni mashindano ya mtaa, tusiyakuze. Mlipotufungia mlisema mnalinda hadhi ya soka la Tanga. Chagueni moja.

Na wapo watakaosema naandika kwa uchungu wa ushabiki. Kweli nina uchungu, na nusu ya uchungu huo ni juu ya watu wetu wenyewe. Kipa yule nimemjua tangu anacheza bila viatu. Akifungiwa maisha sitamwombea.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Uamuzi utolewe upya kwa maandishi, ukitaja nani alifanya nini, na ushahidi uliotumika dhidi ya kila mmoja.

(b) Timu iliyoshinda mechi ile ichunguzwe kwa kipimo kile kile tulichopimwa sisi, na zawadi ya mshindi wa pili irudishwe ishikiliwe mpaka hapo.

(c) Mjumbe aliyepewa taarifa Jumapili asubuhi asikae tena kwenye shauri hili, bali ahojiwe kama shahidi.

(d) Kijana aliyetoa taarifa, pamoja na wote ambao hawakuwa uwanjani, wafunguliwe mara moja bila kusubiri hayo mengine.

(e) Muda wa rufaa uhesabiwe kuanzia siku tuliyopokea barua. Ada tunayo.

(f) Msimu ujao mechi za mwisho za kila kundi zichezwe siku ile ile, saa ile ile.

Hatujaomba msamaha wala kupunguziwa. Baada ya kufanya haya, mkiona timu yetu inastahili misimu mitano badala ya miwili, andikeni mitano, na mimi mwenyewe nitaibandika karatasi hiyo barazani.

Usajili wa msimu ujao unafunguliwa mwezi ujao. Tunaomba jibu kabla ya fomu kutoka, maana yule winga ameshapata timu ya kumchukua Muheza na inachosubiri ni barua yenu.

Wako katika michezo,

Mwanachama na shabiki,
Ngamiani, Tanga.

Nakala: Wanachama wote wa timu, nahodha wa timu iliyoshinda.